Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: misitu, viwanja, mkaa na mbao kwa sisi wa Dar

Mi ni msaidizi wa kisheria, meza yangu iko Chanika, na haipiti wiki bila mtu kukaa kwenye lile benchi la nje na karatasi ya mauziano mkononi, au dereva wa Fuso ambaye mzigo wake umezuiwa geti, au mama muuza mkaa anauliza hivi tumeshafungiwa au bado. Maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa ili nisirudie kila siku na ili na wewe ukija uwe unajua pa kuanzia. Karibu kila jibu linaanza na swali moja, msitu ni wa nani, kwa hiyo hata kama una haraka soma kwanza swali la 2.

## Mambo ya msingi

1. Sheria yenyewe ya misitu ni ipi?

Ni Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002, kwenye vitabu utaikuta kama Sura ya 323. Ilipitishwa 2002 ikaanza kutumika Julai 2004, ikaifuta ile ya mkoloni ya mwaka 1957. Mama yake ni Sera ya Taifa ya Misitu ya 1998, ndo iliyoleta wazo kwamba wananchi nao wanaweza kumiliki na kusimamia msitu, maana zamani msitu ulikuwa wa serikali na wewe ulikuwa mwizi mpaka uthibitishe vinginevyo.

Ila sheria hii haitembei peke yake, na hapo ndo watu wengi wanapojikwaa. Kuna Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004, kuna kanuni za uvunaji, halafu kuna sheria ndogo za halmashauri yako. Unaweza ukawa uko sawa kwa moja ukawa umevunja nyingine.

2. "Msitu wa nani" maana yake nini? Si wote ni wa serikali?

Hapana. Sheria imegawa misitu mafungu manne. Kuna hifadhi za misitu za taifa, zipo chini ya serikali kuu. Kuna hifadhi za serikali za mitaa, hizi halmashauri ndo inasimamia. Kuna misitu ya vijiji, na humo ndani kuna iliyotengwa rasmi kuwa hifadhi ya kijiji, kuna ya vikundi vya jamii, na kuna ile ambayo haijatengwa ipo tu kwenye ardhi ya kijiji. Halafu kuna misitu binafsi, ya mtu au kampuni kwenye ardhi anayoimiliki kihalali.

Watu wakisikia hivi wanadhani misitu ya vijiji ni vichaka viwili vitatu. Sio. Kwenye tathmini ya kitaifa iliyotoka 2015 nchi ilionekana ina hekta milioni 48.1 za misitu, na karibu nusu yake iko kwenye ardhi za vijiji.

Kwa nini nakomaa na hili? Kwa sababu gogo lile lile la mninga, likitoka fungu la kwanza bila kibali ni wizi wa mali ya umma, likitoka hifadhi ya kijiji kwa utaratibu ni mapato halali ya kijiji. Mti ni ule ule, kinachobadilika ni mwenyewe.

3. TFS ni akina nani, na "maliasili" ni akina nani?

TFS ni Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ulianzishwa 2010 chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, na ndo unaosimamia hifadhi za misitu za taifa, mashamba ya miti ya serikali na ufugaji nyuki. Mtaani kila aliyevaa kombati za kijani anaitwa maliasili, lakini kuna TFS, kuna TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, wa mapori ya akiba, na kuna afisa misitu wa halmashauri ambaye yeye yuko chini ya mkurugenzi na saa ingine wala havai kombati. Watumishi wa TFS siku hizi ni jeshi kamili la uhifadhi, wana vyeo na wana saluti, kwa hiyo ukikutana nao porini usilete masihara ya kusema hawa si mabwana miti tu.

4. Dar yenyewe ina misitu gani ya hifadhi?

Mingi kuliko unavyodhani, na mingi iko mpakani na Pwani. Ule maarufu ni Pugu na Kazimzumbwi upande wa Kisarawe, siku hizi imeunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, hiyo ni ngazi ya juu kabisa ya ulinzi kwa msitu wa taifa (ya kwanza nchini ilikuwa Amani kule Tanga, 1997). Kuna Vikindu njia ya Kilwa, kuna Ruvu Kusini na Ruvu Kaskazini. Kuna Pande kule Mpiji Magohe, ambalo ni pori la akiba, kwa hiyo liko kwa TAWA na sheria yake ni ya wanyamapori ya 2009. Halafu kuna mikoko ya pwani nzima, soma swali la 17.

Na kutembea unaruhusiwa! Pugu unalipa kiingilio kwa namba ya malipo ya serikali, unaingia na familia, kuna bwawa la Minaki na kuna mapango ya popo yaliyobaki kwenye machimbo ya kaolini. Watu wa Dar wanaenda Zanzibar kutafuta msitu wakati huu uko nyuma ya Gongo la Mboto.

## Viwanja na mashamba

5. Nimenunua kiwanja, mwenyekiti wa mtaa kasaini na kugonga muhuri, sasa naambiwa ni hifadhi. Nafanyaje?

Hili ndo namba moja kwenye benchi langu.

Muhuri wa mtaa haumilikishi ardhi. Mwenyekiti akisaini anashuhudia kwamba fulani na fulani wamekubaliana mbele yake, basi. Kijijini ni tofauti kidogo kwa sababu halmashauri ya kijiji ina mamlaka juu ya ardhi ya kijiji kwa Sheria Na. 5, lakini huku kwetu tuna mitaa, na hata hicho kijiji hakiwezi kugawa ardhi ambayo si yake. Hifadhi ya taifa imetangazwa kwenye Gazeti la Serikali, ina tangazo na namba yake na ramani yake, na tangazo hilo halifutwi na karatasi ya mauziano hata ikiwa na mihuri kumi.

Shemeji yangu yalimkuta. Ishirini kwa ishirini, dalali mdomo kama redio, karatasi ina mashahidi wanne na picha ya muuzaji imebanwa na pini kona ya juu, yaani kila kitu kipo. Kilichokosekana ni kimoja tu, muuzaji hakuwa na cha kuuza. Tulipoenda na mpimaji akawasha kile kidude chake cha GPS, akaanza kutembea kurudi barabarani, sisi nyuma yake, hatua hamsini, mia, nikaanza kuona shemeji anapunguza mwendo. Jiwe la mpaka tulilikuta limefunikwa na majani, limekaa kimya nje kabisa ya kiwanja. Kiwanja chote kilikuwa ndani, na msingi alikuwa ameshamwaga.

Cha kufanya: simamisha ujenzi leo, usimalizie hata kozi moja. Kusanya karatasi zako na ushahidi wa malipo, ujumbe wa simu na miamala pia ni ushahidi. Nenda ofisi ya TFS ya wilaya uthibitishiwe kwa maandishi, sio kwa mdomo. Ikithibitika, haki yako iko kwa aliyekuuzia, unamdai hela yako kwa njia ya madai, na kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai kwa hiyo unaripoti polisi. Na tafadhali, usimtafutie mtu mwingine umuuzie ili upone wewe, maana hapo unakuwa umetoka kwenye kutapeliwa umeingia kwenye kutapeli.

6. Sasa nitajuaje kabla sijatoa hela?

Kwanza mpe mpimaji wa kwako, sio wa dalali, achukue alama za kona nne za kiwanja. Ukiwa na hizo namba, nenda idara ya ardhi ya halmashauri uangaliziwe kwenye mchoro wa mipango miji, kama kiwanja kina hati fanya upekuzi rasmi kwa msajili, na kama kuna msitu wowote jirani zipeleke hizo namba TFS wakulinganishie na ramani ya hifadhi. Hela utakayotumia ni ndogo ukilinganisha na tofali moja moja utakazoziangalia zikibomolewa.

Ukifika saiti angalia na macho. Hifadhi nyingi zina mawe ya mipaka, mabango, na sehemu zingine mstari wa mitiki imepandwa imenyooka kama watoto wa shule paredi. Mtiki haujipandi wenyewe kwa mstari. Ukiuona muulize dalali ni wa nani halafu msikilize anavyobadilisha mada. Na bei ikiwa robo ya viwanja vya ng'ambo ya barabara, usishangilie.

7. Nimekaa hapa miaka 15, nimezaa na kuzika hapa. Si ardhi imeshakuwa yangu?

Hapana, kukaa muda mrefu ndani ya hifadhi hakuigeuzi kuwa yako. Ile habari kwamba ukikaa miaka 12 ardhi inakuwa yako watu wanaichukua kwenye migogoro ya watu binafsi wanaipeleka kusikohusika.

Kuna hali mbili lakini lazima uzitenganishe. Ya kwanza, mlikuwepo kabla ya hifadhi kutangazwa. Hapo sheria ina utaratibu, kabla ya kutangaza kunatolewa taarifa na muda wa watu kuleta madai yao, na haki zilizothibitika zinafidiwa, kwa hiyo kama familia yenu ilirukwa mna hoja ya kupeleka. Ya pili, mliingia baada ya tangazo, hapo mnahesabika wavamizi na fidia kwa kawaida hamna. Ukitaka kuishtaki serikali kumbuka notisi ya siku 90 kwanza, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe. Kesi nyingi za watu wa huku zinafia hapo kwenye notisi kabla hata ya kusikilizwa, inauma kwa kweli.

8. Si serikali ilishasamehe vijiji vilivyo ndani ya hifadhi?

Ilitoka kauli baada ya kazi ya kamati ya mawaziri wanane, kwamba kati ya vijiji na mitaa 975 yenye migogoro, 920 ibaki. Watu wakaisikia hiyo 920 wakaacha kusikiliza yaliyofuata. Kubaki maana yake mipaka ipimwe upya na tangazo la hifadhi lirekebishwe, na mpaka hilo lifanyike sehemu yako, kwenye karatasi bado uko ndani. Wala haina maana aliyehamia jana naye kasamehewa. Uliza halmashauri kama mtaa wenu umo kwenye orodha na upimaji umefikia wapi, halafu rudi swali la 6.

9. Naruhusiwa kulima tu, bila kujenga? Au kuchunga?

Ndani ya hifadhi ya msitu bila kibali huruhusiwi kulima, kuchunga, kujenga, kuchimba mchanga wala kokoto, kukata, kuwasha moto. "Kulima tu" hakupo. Penye nafuu ni kwenye baadhi ya mashamba ya miti ya serikali, wanakuruhusu kulima mahindi au maharage katikati ya miche ikiwa midogo, wanaita taungya, na hiyo unaomba kwao kwa maandishi. Mizinga ya nyuki nayo inaruhusiwa kwa kibali.

10. Kiwanja changu kiko nje ya msitu lakini kinagusa mto. Niko salama?

Kwa msitu uko salama, kwa mazingira bado. Ile sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, bwawa, ziwa au ufukwe. Waliokaa Msimbazi wanaijua hiyo 60 kwa moyo, iliandikwa ukutani kwa rangi nyekundu.

## Mkaa na kuni

11. Mkaa umepigwa marufuku au haujapigwa?

Kwa nyumba ya kawaida haujapigwa marufuku. Unaruhusiwa kununua, kupikia na kuuza ukiwa na karatasi zako. Kilichopigwa stopu ni taasisi, shule, vyuo, magereza na wengineo wanaopikia watu wengi, waliagizwa waachane na kuni na mkaa. Halafu Mei 2024 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ifikapo 2034. Hilo ni lengo, sio polisi wa kuja kukagua jiko lako.

Maoni yangu: marufuku bila gesi ya bei ya kununulika ni kumhamisha muuza mkaa kutoka mchana kwenda usiku. Benki ya Dunia mwaka 2009 iliandika kwamba nchi inatumia kama tani milioni moja za mkaa kwa mwaka na nusu yake inaishia Dar. Nusu! Yaani msitu unaoisha Handeni na Kilwa unaisha kwa sababu ya maharage yetu sisi. Na mama wa Buza ananunua mkaa wa kopo kwa sababu leo ana hela ya kopo, mtungi haukubali kuuzwa kwa kopo.

12. Nafanya biashara ya mkaa. Nahitaji nini?

Usajili wa mfanyabiashara wa mazao ya misitu, unalipiwa kila mwaka TFS. Kama unavuna mwenyewe, kibali cha uvunaji, na hicho hakitoki kwa mtu mmoja, maombi yanapita kijijini kwenye mkutano mpaka muhtasari utoke, halafu kamati ya uvunaji ya wilaya ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya. Unalipa mrabaha, yaani malipo ya serikali kwa zao la msitu, na ushuru wa halmashauri kwa namba ya malipo. Halafu hati ya kusafirishia, hii ndo TP ambayo kila dereva anaitaja, inaandikwa mzigo gani, kiasi gani, gari gani, kutoka wapi kwenda wapi.

TP ya gari moja haihamii gari lingine. Ikiandikwa magunia 60 ukakutwa na 75, yale 15 hayana baba. Na mazao ya misitu hayasafirishwi usiku, kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi unalala ulipo. Lumbesa nayo inakuletea maneno geti, maana gunia linahesabiwa kwa kipimo na wewe umelivika kilemba.

13. Natoka msibani Morogoro, nikibeba gunia moja la kupikia nyumbani natakiwa kuwa na TP?

Hili mtaani lina majibu kama kumi na kila mtu ana shemeji yake aliyepita bila kusimamishwa. Mi nakushauri ununue kwenye kituo kinachotambulika, udai risiti, na ukifika kizuizi cha kwanza usimame mwenyewe uonyeshe. Anayesimama mwenyewe anasikilizwa tofauti na aliyefukuzwa. Ukiwa na magunia matatu juu ya keria usiniambie ni ya kupikia, rudi swali la 12.

14. Kuni kavu zilizoanguka nazo zina kosa?

Ndani ya hifadhi, ndiyo, kuni ni zao la msitu hata kama zimeanguka zenyewe. Ila vijiji vingi vinavyopakana na hifadhi vina makubaliano ya usimamizi shirikishi, humo kunakuwa na siku maalumu za kina mama kuokota. Ulizia kamati ya maliasili ya kijiji chenu siku ni zipi. Panga usiingie nalo.

## Mbao na miti yako

15. Nanunua mbao za fremu Keko au Buguruni. Nitajuaje ni halali?

Dai risiti ya kielektroniki, muulize muuzaji usajili wake, na angalia alama ya nyundo kwenye mbao za miti ya asili. Nyundo ni ile chapa ya serikali inayogongwa kichwani mwa gogo au ubao baada ya kukaguliwa, inabaki kama kovu dogo la herufi na namba. Ukiona mninga mbichi mweupe kichwani, hauna hata mkwaruzo, na bei iko chini, na jamaa anataka muupakie saa moja usiku, we jiongeze.

Ukikutwa na mzigo bila karatasi utakayeulizwa ni wewe uliyeubeba, sio aliyekuuzia, yeye saa hiyo simu haipokelewi. Paini za Mafinga na Sao Hill hazina presha sana kwa sababu ni za kupandwa lakini karatasi za safari zinahitajika vilevile.

16. Miti nimepanda mwenyewe shambani kwangu Mkuranga. Nako niombe kibali?

Mti ni wako na mrabaha wa serikali huudaiwi kwa mti uliopanda mwenyewe. Ila ukishaukata ukataka kuusafirisha kuja Dar unaingia barabarani, na barabarani hakuna anayejua uliupanda. Kwa hiyo kabla ya kukata nenda kwa mtendaji wa kijiji akuandikie barua kwamba miti ni yako, nenda nayo kwa afisa misitu, aje aone visiki, upate hati ya kusafirishia. Kosa la watu wengi ni kukata kwanza halafu kutafuta karatasi gari likiwa limeshapakia.

Tofauti inakuja kwa miti ya asili iliyojiotea shambani kwako, hasa ile iliyotajwa kama miti iliyohifadhiwa, mpingo, mvule, mninga na wenzake. Hiyo hata ikiwa katikati ya mihogo yako hauigusi bila kibali. Mzee mmoja aliniambia "lakini nimeukuta tangu utoto", nikamwambia ndo maana sasa, uliukuta.

17. Mikoko je? Iko mbele ya kiwanja changu inaziba upepo.

Mikoko yote ya Tanzania Bara ni hifadhi ya taifa. Yote, haijalishi uko Kunduchi, Mbweni, Mbagala au Kigamboni, na haijalishi hati yako inasema nini kuhusu kiwanja cha nyuma yake. Hukati, hujazi kifusi, hupunguzi matawi ili uone bahari. Na jumlisha ile mita 60 ya swali la 10. Nguzo na boriti za mikoko pia zinahitaji kibali, kwa hiyo fundi akikuletea boriti za bei rahisi muulize zimetoka wapi.

18. Mwarobaini wangu uani unapasua ukuta. Naweza kukata leo?

Sheria ya Misitu haina ugomvi na mwarobaini wako. Sheria ndogo za halmashauri ndo zinaweza kuwa nao, nyingi zinataka utoe taarifa au upate ruhusa kabla ya kukata mti mjini, kwa hiyo pitia kwa mtendaji wa mtaa au idara ya mazingira ya manispaa. Mti ukiwa nje ya uzio kwenye hifadhi ya barabara sio wako, ni wa TARURA au TANROADS. Ukigusa nyaya waite TANESCO. Na mti wa jirani unaoinamia kwako anza kwa kugonga hodi, nimeona ndugu wasiosalimiana miaka sita kwa sababu ya tawi la mwembe.

## Vijiji na wawekezaji

19. Kijiji chetu kina msitu, tunaweza kuuvuna wenyewe na hela ikabaki kwetu?

Ndiyo, na hiki ndo kipande kizuri kuliko vyote kwenye sheria, wachache wanakitumia. Mkiutenga rasmi kuwa hifadhi ya msitu ya kijiji, mkawa na mpango wa usimamizi, sheria ndogo zilizopitishwa na kamati inayofanya kazi kweli, kijiji ndo kinatoa vibali, kinapanga bei, na hakilipi mrabaha serikali kuu. Usipoutenga, unabaki msitu wa kijiji usiotengwa, na vibali vinatoka wilayani.

Mifano ipo. Duru-Haitemba kule Babati walianza miaka ya 1990 hata kabla ya sheria hii. Suledo ya Kiteto walipata tuzo ya kimataifa ya Ikweta 2002. Vijiji vya Kilwa vilipata 2009 cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha msitu unaosimamiwa vizuri, na wakauza mpingo kwa bei ambayo zamani walikuwa wanaisikia kwa wafanyabiashara tu. Kanuni za 2019 zimeongeza hatua za wilaya kwenye uvunaji, kwa hiyo msidhani mnamaliza kila kitu kijijini, nendeni na afisa misitu tangu mwanzo.

20. Kuna watu wamekuja kijijini kwetu wanataka kununua kaboni. Ni matapeli?

Wengine ndiyo wengine hapana. Biashara yenyewe, yaani kijiji kulipwa kwa kutunza msitu unaofyonza hewa ukaa, ni halali, ina kanuni za 2022 chini ya sheria ya mazingira, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Vijiji vya wilaya ya Tanganyika kule Katavi wanajenga shule na zahanati kwa hela hiyo. Kwa hiyo waulizeni wageni wenu usajili wa mradi wao, na msisaini mkataba wa miaka thelathini kwenye mkutano wa jioni mmoja huku pilau inanukia. Mkataba upelekwe kwa mwanasheria wa halmashauri ausome kwanza.

21. Mimi sio Mtanzania, naweza kununua shamba la miti?

Ardhi huimiliki kama raia, unapata haki ya kuitumia kwa ajili ya uwekezaji kupitia utaratibu wa serikali wa uwekezaji. Kusajili kwa jina la mchumba ni njia ya kupoteza vyote viwili.

## Ukikamatwa, na mengine ya pembeni

22. Nimekamatwa, wananiambia nilipe yaishe. Ni rushwa?

Inategemea. Sheria inaruhusu kosa kufifilishwa, yaani unakiri kwa maandishi, unalipa kiasi kinachopangwa kisheria, kesi inaisha bila mahakama. Dalili yake ni namba ya malipo ya serikali na stakabadhi yenye jina lako. Ukiambiwa utume kwa namba ya simu ya mtu, hiyo sasa ni nyingine. Na kukiri sio lazima, kama unaamini hukukosea una haki ya kusema twende mahakamani, ila ujue huko kuna faini, kifungo au vyote, na mzigo unaweza kutaifishwa.

23. Gari ni langu lakini mzigo ni wa mteja. Gari langu litataifishwa?

Linaweza, chombo kilichotumika kubeba mazao haramu nacho kinaingia kwenye hesabu. Utajitetea kwamba hukujua, na utetezi unakuwa na nguvu kama una mkataba wa kukodisha na nakala ya TP uliyoiomba kabla ya kuondoka. Madereva, piga picha TP na simu kabla hujawasha gari. Ni sekunde mbili.

24. Nilichoma majani shambani kwangu, moto ukakimbilia msituni. Sikukusudia.

Kutokukusudia kunapunguza, hakufuti. Kuwasha moto wa shamba bila ruhusa na bila tahadhari ni kosa lenyewe, kabla hata haujavuka. Toa taarifa serikali ya mtaa au kijiji, safisha mkuza wa kuzuia moto, choma asubuhi na mapema kabla ya upepo, usiondoke mpaka majivu yapoe. Ukivuka piga simu mara hiyo hiyo, aliyetoa taarifa mwenyewe na aliyekimbia hawasomewi kwa sauti moja.

25. Haya yote yanahusu na Zanzibar?

Hapana. Zanzibar wana sheria yao ya misitu, Na. 10 ya 1996, na taasisi zao.

26. Mti wa hifadhi umeanguka usiku, umelalia choo changu. Nani analipa, na mbao nachukua mimi?

Hili nimeletewa mwezi uliopita na baba mmoja anayepakana na mpaka, alikuja asubuhi bado ana tope miguuni. Mbao huchukui. Mti wa hifadhi ukianguka kwako haujakuwa wako, na ukiupasua umeshika zao la msitu bila kibali, unarudi swali la 15 ukiwa upande mbaya. Piga picha kila pembe kabla hujasogeza kitu, andika barua kwa meneja wa hifadhi nakala kwa mtendaji wa mtaa, eleza hasara na uombe waje waukague na kuuondoa. Malipo ya choo ni madai unayoyapeleka kwa barua hiyo hiyo, usitegemee ahadi ya mdomo.

Yule baba alikuwa ameshaita vijana wa msumeno, mafuta wameshatia, tukawahi kuwasimamisha. Barua ilipokelewa na kugongwa muhuri siku ile ile. Choo kwa sasa kimezungushiwa turubai la bluu, na shina bado limelala pale pale, kuku wamelifanya kituo cha kulala.